Chokaa inaacha unga, lipu inabanduka: kutafuta ugonjwa wa ukuta wa udongo

Shangazi yangu wa Mchinga hapendi kulalamika kwenye simu. Siku hiyo alianza na habari za mvua, akaja kwenye mbuzi, mwishoni ndipo akasema: "Mwanangu, ile chokaa yako inawafuata wageni mpaka majumbani kwao." Kila aliyekaa barazani akaegemea ukuta aliondoka na mgongo mweupe. Nilikuwa nimeipaka mwenyewe, mwezi wa Oktoba, saa saba mchana, upepo unavuma kutoka baharini, nikiwahi basi. Kosa lilikuwa langu lote, ila ilinichukua muda kulijua, kwa sababu nilidhani nimepaka rangi.

Chokaa si rangi. Rangi hukauka, maji yakishatoka, kazi imekwisha. Chokaa hurudi kuwa jiwe. Jiwe la chokaa au la matumbawe likichomwa tanuuni kwenye joto la nyuzi 900 hivi, hewa ukaa iliyomo ndani yake hutoka, na linalobaki ni jiwe jepesi lenye kiu. Ukilizima kwa maji hupasuka likawa unga au uji. Uji huo ukishapakwa ukutani huanza kuichukua tena ile hewa ukaa, taratibu, kwa wiki na miezi. Hauwezi kufanya hivyo ukiwa umekauka kabisa, wala ukiwa umelowa chepechepe. Unataka ubichi wa katikati, kama khanga iliyoanikwa ambayo bado haijafaa kukunjwa. Ndiyo maana karibu kila ugonjwa nitakaoutaja unaanzia kwenye maji: ama yalikosekana siku ya kupaka, ama yalizidi baadaye yakakosa pa kutokea.

Ninazungumzia nyumba za kawaida za huku kwetu: viwambaza vya nguzo na fito vilivyokandikwa udongo, na nyumba za matofali mabichi, kuanzia Kilwa hadi Mtwara na kupanda mpaka Newala na Masasi. Majengo ya mawe ya Mikindani yana mambo yake. Kilwa Kisiwani wageni huonyeshwa magofu ya mawe ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, lakini msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliandika habari za mji wa nyumba za miti. Nyumba kama ya shangazi zilikuwapo zamani sana, tatizo ni kwamba hazibaki gofu.

Usianze na brashi

Pitisha kiganja ukutani. Unga ukibaki mkononi, chokaa haikushika. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kutoka juu hadi chini. Pakilia kama debe tupu, lipu imeachana na udongo, hata kama macho yanaona ukuta mzuri. Chukua kikombe cha maji urushie matone sehemu mbalimbali: yakinywewa taratibu, ukuta unapumua, yakiteleza hadi chini, kuna kitu kimeziba hapo, mara nyingi rangi ya mafuta au simenti. Mwisho angalia ugonjwa uko urefu gani kutoka ardhini. Ulioko chini ya goti una sababu tofauti kabisa na ulioko chini ya bati.

Inaacha unga mkononi

Huu ndio wa shangazi, na ndio unaoongoza. Sababu ya kwanza ni jua na upepo. Ukuta mkavu wa udongo hunyonya maji ya chokaa kwa dakika chache, jua linamalizia yaliyobaki, na chokaa inabaki unga uliokaa tu ukutani, haikupata muda wa kugeuka jiwe. Kupaka juu yake tena hakusaidii, kwa sababu tabaka jipya linashika unga na unga haujashika kitu.

Safisha kwanza. Tumia brashi ngumu au ufagio wa chelewa, kavu, mpaka unga uache kutoka. Halafu nyunyizia ukuta maji. Nimesema nyunyizia, ukimwagia kwa ndoo utaondoka na udongo wenyewe. Ukuta uwe baridi ukiugusa, lakini usiwe unang'aa maji. Koroga chokaa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na uikoroge tena kila unapochovya kwa sababu hutuama chini. Paka ukisugua kwa brashi, usipake kwa kubembeleza. Kesho rudia. Tabaka tatu hadi tano nyembamba, kila siku moja, huku ukinyunyizia kidogo asubuhi na jioni, hudumu kuliko tabaka moja zito.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: chokaa mbichi haionekani. Ukiipaka, ukuta unabaki na rangi ya udongo, unadhani hujaweka kitu, unaongeza unga kwenye ndoo. Acha. Weupe hutoka inapokauka. Jioni ile ile utaona.

Sababu ya pili ni chokaa yenyewe. Chokaa ya mfuko iliyokaa dukani mwaka mzima, mfuko umetoboka, imeshavuta hewa ukaa humo humo na kurudi kuwa jiwe la unga. Imekufa. Ipime: weka kijiko kwenye kisahani, kamulia ndimu. Nzuri huyeyuka bila fujo. Ikitoa povu jingi, imeshakufa au tangu mwanzo haikuwa yenyewe. Na hilo la pili lipo sana, kwa sababu chokaa inayouzwa kwa ajili ya kutibu udongo wa shamba, au ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku, huwa ni mawe yaliyosagwa tu, hayajapita tanuuni. Ni nyeupe, ni laini, bei yake inavutia, na haishiki ukuta hata ukiisomea dua. Muulize mwenye duka kama ni ya kujengea, kisha bado ukamulie ndimu.

Newala na Tandahimba kuna sababu ya tatu ambayo watu wa pwani tunaisahau. Kule juu maji ni ya kununua au ya kufuata mbali, na hakuna mtu atakayekubali kunyunyizia ukuta maji ambayo angepikia. Mjomba mmoja wa Newala alinifundisha dawa yake: gunia kuukuu la korosho, lichovye, likamue, litundike mbele ya ukuta kwenye kamba upande unaopigwa na upepo. Ndoo moja inakwenda siku nzima. Maji ya kusuuzia yasiyo na sabuni nayo yanafaa.

Inabanduka kama magamba

Ikitoka vipande vipande vilivyojikunja, geuza kipande uangalie mgongo wake. Mgongo ukiwa na vumbi jekundu, ukuta haukufagiwa. Ukiwa safi na laini kama karatasi, chini yake kuna rangi ya maji au ya mafuta, na chokaa haina cha kuuma. Kipande kikiwa kinene kama kucha, ulipaka nzito. Dawa ni kukwangua hadi udongo utokee, kuukwaruza kidogo uwe na meno, kulowesha, kisha kuanza upya kwa tabaka nyembamba. Hakuna njia ya mkato hapa.

Lipu inaanguka na udongo wake

Nilimkuta fundi mmoja Mingoyo akipigilia wavu wa kuku kwenye kiwambaza ili apige lipu ya simenti. Tukasalimiana. Nikamuuliza, "Kaka, hii itakaa?"

"Itakaa mpaka nilipwe," akacheka. Angalau ni mkweli.

Simenti ni kali, udongo ni mpole. Udongo hutanuka ukipata maji na kusinyaa ukikauka, kila msimu. Lipu ya simenti haimfuati. Inabaki imesimama, na katikati yao panafunguka nafasi. Halafu inapata vijiufa vyembamba kama unywele. Mvua inaingia kupitia humo, lakini jua haliwezi kuyatoa maji kwa njia ile ile. Udongo wa nyuma unageuka tope ndani ya gamba gumu. Mchwa wanapapenda: pana giza, pana unyevu, pana fito. Mwenye nyumba anaona ukuta umenyooka, mpaka siku bamba zima linapoanguka na nyuma yake nguzo imebaki ganda.

Wavu wa kuku unachelewesha tu anguko, tena ukishika kutu unatoa madoa ya kahawia.

Tiba ni ndefu. Ondoa simenti iliyolegea, kipande kwa kipande, wakati wa kiangazi. Usiiguse iliyoshika imara mpaka ujue utaifanya nini, kwa sababu unaweza kubomoa ukuta mzima kwa siku moja. Acha udongo ukauke wiki kadhaa. Chomachoma nguzo kwa kisu. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, badilisha nguzo kwanza. Kandika mashimo kwa udongo wa aina ile ile uliojengea nyumba, uliolowekwa siku kadhaa na kuchanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Kabla haujakauka kabisa, toboatoboa uso wake kwa kidole au gunzi la mahindi ili lipu ipate pa kushikia.

Udongo ukishakauka na kumaliza kupasuka, ulowanishe upige lipu ya chokaa: ndoo moja ya chokaa iliyozimwa, ndoo tatu za mchanga mkali wa mtoni. Unene usizidi sentimita moja kwa tabaka. Ukitaka tabaka la pili, la kumalizia, liwe jembamba zaidi, na mchanga wake uchekeche. Kila tabaka la nje liwe pole kuliko la ndani yake, au angalau lisilishinde nguvu. Ndiyo kanuni ambayo simenti inaivunja.

Utaambiwa utie kopo moja la simenti kwenye chokaa "ishike haraka". Mimi sitii. Kiasi hicho hakitoshi kuwa simenti na kinaiharibia chokaa mwendo wake. Kwenye udongo nako kuna mtego: ukitia chokaa kidogo kwenye udongo wa kukandika, mfinyanzi hupoteza unato wake kabla chokaa haijapata nguvu, na unaweza kupata kitu dhaifu kuliko udongo mtupu. Kwenye udongo mwekundu wa mchanga wa uwanda wa Makonde, wenye mfinyanzi kidogo, chokaa haipati hata cha kushirikiana nacho. Jaribu kwanza eneo la mita moja nyuma ya jiko, subiri mwezi, kwaruza.

Nyufa

Zikiwa nyembamba na zimetapakaa kama utando wa buibui, lipu imesinyaa. Chokaa ilikuwa nyingi, mchanga ulikuwa laini mno au wenye tope, au jua liliwahi. Tikisa mchanga kwenye chupa ya maji uiache itulie. Tope likikaa tabaka nene juu, mchanga huo uoshe au uache. Lipu ikiwa bado mbichi, imekakamaa lakini kucha inaingia, inyunyizie na uikandamize kwa kibao; nyufa zitafunga. Ikishakomaa, zipitie kwa chokaa nyepesi kwa brashi, mara kadhaa, zitajaa zenyewe.

Ufa mmoja unaoanzia kwenye kona ya mlango ukapanda kwa mshazari ni habari nyingine. Huo ni wa msingi, au wa nguzo iliyoliwa. Weka alama ya penseli kwenye ncha yake pamoja na tarehe. Ukiendelea kupanda, tafuta fundi wa nyumba, si wa chokaa.

Vishimo vidogo vyenye punje nyeupe katikati

Vipande vya ukubwa wa sarafu vinaruka, na ndani yake unakuta punje. Hilo ni jiwe ambalo halikuzimika. Linazimika sasa, ukutani, na likizimika linavimba. Hutokea zaidi kwa chokaa ya tanuu za kienyeji inayotumiwa siku mbili baada ya kuzimwa. Chokoa punje zote, ziba. Safari nyingine ichekeche ikiwa uji, kisha iache chini ya maji wiki kadhaa. Miezi ni bora zaidi, na inakuwa laini kama mtindi, mithili ya niru waliyosiribia wazee.

Kuhusu tanuu za kienyeji, uliza jiwe limetoka wapi. Matumbawe hai ya baharini yamechimbwa na kuchomwa sana Mtwara na Mikindani, na samaki wamelipa. Tangu mwaka 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kule Msimbati. Jiwe la matumbawe la kale lililoko nchi kavu linatoa chokaa safi tu.

Mguu wa ukuta: kumung'unyuka, pamba nyeupe, tope

Ukiona manyoya meupe kama pamba karibu na ardhi, yaguse kwa ulimi. Yakiwa chumvi, maji yanapanda kutoka chini na kuibeba, na inapofika juu inakauka, inakuwa fuwele, inasukuma chokaa nje pamoja na udongo. Chumvi inatoka kwenye ardhi ya pwani, kwenye maji ya kisima chenye chumvi uliyokorogea, au kwenye mchanga wa ufukweni ambao fundi aliuchota kwa sababu ulikuwa karibu. Wapo pia wanaotia chumvi ya jikoni kwenye chokaa ili isikauke haraka. Bara ukitia konzi moja huenda usione madhara. Pwani, ambako hewa yenyewe imelowa, sikushauri kabisa.

Usizibe mguu wa ukuta kwa simenti wala rangi ya mafuta. Maji hayatakoma, yatapanda hadi kiunoni kutafuta pa kutokea. Ifagie chumvi ikiwa kavu, uitupe mbali na nyumba. Ukiiosha unairudisha ndani. Chimbua udongo uliorundikana ukutani mpaka msingi uonekane. Kisha piga lipu laini ya chokaa na ujue kwamba hiyo ni ya kutolewa kafara: itanyonya chumvi, itaharibika badala ya ukuta, utaing'oa baada ya mwaka mmoja au miwili na kuweka nyingine. Si kazi mbaya kwa mtu anayefagia uwanja kila asubuhi.

Baraza nayo iangalie. Barazani kwa shangazi niliweka mpira wa mtoto katikati, ukabingirika moja kwa moja hadi ukutani. Maji ya mvua yalikuwa yanafanya hivyo hivyo miaka yote.

Kama hakuna chumvi, ila kuna mkanda mwekundu wa tope na ukuta umeliwa hadi magotini, huo ni mrusho wa matone. Zamani makuti yalishuka chini na kutoka nje sana; siku hizi watu wakihamia bati hulikata karibu na ukuta ili wapunguze bati moja. Upenu ukiwa chini ya sentimita 60, hakuna chokaa itakayokusaidia. Ongeza upenu, au tandaza kokoto na mawe yaliyovunjika pale maji yanapodondokea ili yasiruke na tope.

Madoa, ukungu na rangi

Masizi ya jikoni hupenya chokaa hata ukipaka mara kumi. Yakwangue, yasiribe kwa udongo mwembamba, kisha ndipo upake. Madoa ya kahawia yanayofuata mstari wa nguzo au fito ni maji ya mti wenyewe, boriti za mikoko hasa, na dawa yake ni ile ile. Ukungu mweusi chini ya mwembe unataka jua: punguza matawi. Niliwahi kutia uji wa muhogo kwenye chokaa ili ushike kama gundi. Ulishika. Kisha mvua ziliponyesha ukaota ukungu.

Rangi, tumia ya udongo. Udongo mwekundu uliochekechwa sana unapatana na chokaa, alimradi usizidi sehemu moja kwa kumi. Ukizidi unarudi kwenye tatizo la unga. Buluu ya kufulia, kidogo tu, huufanya weupe uwe mkali zaidi.

Mwezi wa kupaka

Pesa ya korosho huingia Oktoba hadi Desemba, na ndipo nyumba zinapopakwa. Naelewa, mimi pia nilipaka Oktoba. Lakini Oktoba jua ni kali, na Desemba mvua zimeshafika, zitakaa hadi Aprili. Chokaa inapigwa na mvua kabla haijawa jiwe. Ukiweza kuweka akiba, paka Juni hadi Agosti, udongo umekauka, kuna ubaridi, ila kusi ukikazana tundika magunia. Fuata kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri.

Vaa miwani, au hata ya jua. Chokaa inaunguza macho. Ikiingia, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu kisha nenda zahanati. Ukizima mawe mwenyewe, tia mawe ndani ya maji kidogo kidogo, usimwagie maji juu ya mawe, na tumia pipa la chuma, kwa sababu yanachemka kweli na ndoo ya plastiki inayeyuka.

Kwa shangazi nilirudi Julai. Tulifagia, tukanyunyizia, tukapaka tabaka nne kwa siku nne, na baraza tukaiinamisha kuelekea uwanjani. Chokaa iliyobaki iko kwenye pipa nyuma ya jiko, imefunikwa maji ya vidole viwili na bati lenye jiwe juu, watoto wamekatazwa kulisogelea. Kila mwaka anachota ndoo moja.